Mabakuli Manne ya Bwana Mifugo

Alizaliwa wapi, usiniulize. Kila nilipomuuliza alinitajia mji mwingine: mara Pangani, mara Ujiji, na siku moja alisema alizaliwa ndani ya behewa la daraja la tatu na hakumbuki treni ilikuwa imefika stesheni gani. Mimi nilimkuta ameshakamilika: mrefu, mwembamba, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, penseli nyuma ya sikio, na harufu ya kwato zilizochemshwa ikimtangulia hatua tano. Mji wote wa Shinyanga ulimwita Bwana Mifugo, kwa sababu ya kazi yake serikalini. Hata mkewe, Mama Zuhura, alimwita hivyo hivyo, hasa akikasirika.

"Bwana Mifugo! Nani kaweka chura kwenye sufuria yangu ya wali?"

"Ametulia tu huyo, mke wangu. Hadhuru mtu."

"Ametulia kwa sababu umemchemsha!"

Mimi nilikuwa muuza supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, pale mtaa wa Kambarage. Nilikuwa na banda la mabati, mabenchi mawili na sufuria kubwa kuliko banda lenyewe. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona dirishani nikipita. Kwa hiyo haya mambo ya sayansi nitakayoyaeleza, yakinyooka ni ya kwake, yakipinda ni ya kwangu.

Jambo ambalo wageni hawakuliamini ni kwamba Bwana Mifugo aliogopa ng'ombe. Siku za kuogesha mifugo kwenye josho, wenzake waliingia katikati ya pembe na mavi, yeye alisimama juu ya kichuguu, nje ya uzio, akipiga kelele: "Huyo mwekundu! Mwinueni mkia! Haya, mwandikeni, mzima!" Kuna mzee mmoja wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi alimuuliza siku moja, kwa huruma kabisa, "Bwana Mifugo, ng'ombe wetu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea, mzee wangu. Ila wao wana pembe na mimi sina. Siuoni usawa hapo."

Lakini mpe ng'ombe aliyekwisha kuwa vipande! Hapo alikuwa mtu mwingine. Alikuja bandani kwangu kila asubuhi baada ya kukagua nyama machinjioni, akakaa benchi la mwisho, akachukua ule mshipa mweupe wa nyuma ya mguu, akauvuta, akauangalia kwenye mwanga kama sonara anavyoangalia pete. Wateja walidhani anakagua usafi wangu, nami nikawaacha wadhani hivyo kwa sababu biashara ilinawiri.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Kano."

"Hii ni kamba. Mwili wote umefungwa kwa kamba hii. Ngozi ni kamba hii imefumwa. Gegedu ni kamba hii. Hata mfupa, ukiutoa ule udongo wake mgumu, ndani unakuta kamba hii hii. Ikitoka huyu ng'ombe anamwagika chini kama uji."

Akanieleza kwamba ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Alisoma habari hizo katika jarida la kigeni alilolikuta ofisini limefungiwa vitumbua. Nusu ya ukurasa ilikuwa na mafuta, lakini ile nusu nyingine ilimtosha kwa maisha yake yote. Wataalamu wamegundua, aliniambia, kwamba kila mnyama mwenye uti wa mgongo ana kamba hiyo: samaki, chura, nyoka, kuku, ng'ombe, mimi na yeye. Ni kamba moja, imerithiwa kutoka kwa babu mmoja wa kale sana, ila kila ukoo umeisokota kwa namna yake. Anayeishi kwenye maji ya baridi, kamba yake imelegea kidogo. Mwenye damu ya moto, yake imekazwa, la sivyo ingefumuka ndani ya mwili wake mwenyewe.

"Nani ana damu ya moto kuliko wote?" akaniuliza.

"Wagogo," nikasema. Nilikuwa na jirani Mgogo tuliyegombana naye wiki ile.

"Kuku, bwana! Kuku!"

Ndipo yakaja yale mabakuli. Bwana Mifugo alichemsha ngozi ya samaki, ngozi ya chura, kwato za ng'ombe na miguu ya kuku, kila kimoja peke yake. Maji yake aliyachuja akayatia kwenye mabakuli manne ya bati. Unajua supu ya makongoro ikipoa inavyoganda ikatetemeka? Ni ile kamba iliyofumuka jikoni inajaribu kujisokota tena. Aliyagandisha mabakuli yake ndani ya friji la mafuta ya taa la ofisini, lile la chanjo, kisha akayapanga kwenye karai la maji. Alichomeka kipimajoto cha maziwa, akawa anaongeza maji ya moto kikombe kwa kikombe, huku akiyainamisha mabakuli moja moja. La kwanza kumwagika lilikuwa la samaki. Likafuata la chura. Halafu ng'ombe. Wa mwisho kabisa, amesimama imara wakati wenzake wote ni maji, alikuwa kuku.

Alinionyesha mwenyewe. Nakiri nilipiga makofi. Mpangilio ulikuwa uleule wa joto la damu zao, na kila alipourudia, kiangazi au masika, ulitoka vilevile. Aliuandika kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani, safu nne, mwaka baada ya mwaka. "Andika kwanza, shangaa baadaye," ndiyo ilikuwa kauli yake. Mimi nilikuwa nashangaa kwanza, na kuandika nilikuwa sijafika.

Mkubwa wake wa kazi naye alishangaa, siku alipofungua friji kutoa chanjo akakutana na bakuli la chura. Tulisikia ukelele mpaka sokoni. Bwana Mifugo aliandikiwa barua ya onyo. Aliisoma kwa makini, akaigeuza, na nyuma yake akachora safu nne.

Sasa, mtu huyu huyu hakukosa swala hata moja. Watu wa msikitini walimbana: "Kwa hiyo wewe unasema sisi na samaki ni ndugu?"

"Nasema tumefungwa kwa katani moja. Nyinyi mnajua mkono wa fundi wa kamba kwa kuangalia kamba. Mimi nimeangalia kamba, nimeona fundi ni mmoja. Mnataka niseme walikuwa wanne?"

Wakaanza kutafuta viatu vyao, kwa sababu kusema "wanne" kungekuwa kufuru. Katekista mmoja wa kanisani, mteja wangu, naye alimjaribu, akapewa jibu hilo hilo pamoja na mguu wa kuku auvute.

Alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukimpa mkono hakuurudisha. Aliugeuza, akaibana ngozi ya juu ya kiganja kwa vidole viwili, akaiachia, akaangalia inavyorudi. Kisha akakutajia umri wako mbele za watu. Akina mama waliojipunguzia miaka walimwamkia kwa mbali, mikono ndani ya kanga. "Shikamoo Bwana Mifugo!" huku wakitembea. Mimi alinibana kila mwaka. "Kamba zako bado nzuri," alikuwa akisema, "kichwa tu ndicho sijakipima."

Lakini nisikuchekeshe tu. Nimewahi kumuona akiwaondoa watu kwenye hofu kwa ulimi wake, na ninasema ulimi wenyewe. Tulikuwa tumekwenda naye upande wa Geita, yeye kukagua nyama kwenye machimbo, mimi kutafuta kwato. Tukakuta duara moja, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, limesimama. Wanaume wazima wamekaa juu wamejishika vichwa. Walikuwa wamechimbua mfupa, na kila mmoja anaamini ni mwenzao aliyepotea msimu uliopita.

"Ni yeye, mzee," mmoja wao alisema, sauti imemkauka. "Tumemkata na sururu."

Bwana Mifugo akaupokea ule mfupa, akaufuta kwenye shati, akaulamba. Wachimbaji wakaruka nyuma. Mfupa ukamganda ulimini, ukaning'inia, naye akaanza kuwafundisha ukiwa hapo hapo, hakuna aliyeelewa neno. Alipoubandua akasema, "Mfupa wa juzi hauwezi kunata hivi, kamba bado imeujaza. Huu kamba yake imekwisha kuoza siku nyingi, yamebaki matundu, yananyonya mate. Halafu nyie, mtu gani ana ubavu mpana kama mwiko wa ugali? Huyu ni ng'ombe. Aliyemla, babu zenu hawakumkuta."

Wakacheka kama watu waliorudishiwa roho. Mmoja alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, maana aliyepotea alikuwa kaka yake, na sasa angeweza kuendelea kumtafuta miongoni mwa walio hai. Niliporudi Kambarage nilianza kulamba mifupa yote ya bandani ili nami nionekane mtaalamu. Haukunata hata mmoja, ila wateja watatu waliacha kuja.

Nimekusimulia hayo yote ili ujue nilimkosea mtu wa namna gani.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Mvua ilikataa, ng'ombe wakakonda, wengine wakahamishiwa malisho ya mbali, na kwato zikawa adimu. Supu yangu ikawa nyepesi. Mteja wa makongoro anataka midomo ishikane, asipoona midomo inashikana anajua ameuziwa maji ya moto. Wakaanza kunitania: "Leo ng'ombe amepita tu jirani na sufuria?" Basi, kuna mama mmoja alikuwa analeta samaki kutoka Nkome, kule ziwani, na mzigo wake aliufunika kwa ngozi kavu za sangara, akifika anazitupa. Nikaziokota. Nikaziloweka, nikaziosha kwa limau, nikazichemsha pamoja na kwato na tangawizi nyingi. Midomo ikashikana! Wateja wakarudi. Nikajiona na mimi mwanasayansi.

Nilisahau kitu kimoja tu. Bakuli la ng'ombe la Bwana Mifugo lilitoka kwenye sufuria yangu. Miaka yote alichukua supu ya kwangu kabla haijatiwa chumvi, kwa sababu, alisema, hakuna anayesafisha kwato kama mimi.

Mwezi wa kwanza alikuja amekunja uso. "Ng'ombe ameyeyuka mapema," akasema. Mwezi uliofuata akaja macho yamemtoka. "Ameshuka tena! Ng'ombe anashuka!" Na uliofuata ndio akakaa benchi lile la mwisho akanisomea barua aliyowaandikia wataalamu wa chuo kikuu, kwa mwandiko wake wa kulala. Ilisema kwa heshima na taadhima kwamba ng'ombe wa Shinyanga, pengine kwa sababu ya ukame, wanabadilika kamba zao mbele ya macho yetu, na kwamba wanaelekea kwenye samaki.

Supu ilinipalia. Nilikohoa mpaka jirani Mgogo akaja kunipiga mgongoni, tukapatana hapo hapo.

"Umeshtuka, eh?" Bwana Mifugo akasema, amefurahi. "Hata mimi nimeshtuka. Lakini kwanza nikuulize, kwa sababu hii ni barua nzito. Hujabadilisha kitu chochote kwenye supu yako?"

Watu walikuwa wamejaa mabenchini. Kila mtu ameshika bakuli. Siku zile kumchanganyia mtu bidhaa lilikuwa jambo la kuitwa mlanguzi na kufungiwa banda, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikamtazama usoni.

"Kwato tupu," nikasema. "Mungu shahidi."

"Basi," akasema. "Wewe ukisema, mimi sina la kupima tena." Akaikunja barua, akaenda posta.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Mtaalamu aliyejibu alikuwa mstaarabu. Alimshukuru mzee kwa bidii yake, akamweleza kwamba ng'ombe hawezi kubadilika kamba ndani ya msimu mmoja, hayo ni mambo ya vizazi visivyohesabika. Akamshauri aangalie chombo chake, labda kimechoka, au macho. Bwana Mifugo aliazima kipimajoto kingine. Samaki sawasawa. Chura sawasawa. Kuku sawasawa. Ng'ombe amekosea. Mtu mwingine yeyote hapo angeituhumu supu, lakini yeye supu alikwisha kuiulizia na rafiki yake akaiapia. Kilichobaki cha kutuhumu kilikuwa yeye mwenyewe.

"Mkono wangu," aliniambia. "Labda naliinamisha la ng'ombe zaidi bila kujua. Na kama nimekosea hilo, nitajuaje sikukosea yale ya miaka yote?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa na mwiko mkononi na mdomo wazi. Nikamuuliza kama niongeze ndimu.

Akaacha. Mabakuli manne alimrudishia Mama Zuhura, naye akayajaza mboga. Ngozi za sangara niliacha kuzitia wiki ile ile, lakini yeye hakuwa akipima tena, kwa hiyo kutubu kwangu hakukuandikwa na mtu. Alikuja kunywa supu kama mteja wa kawaida, hakuuvuta mshipa wowote. Kisha akastaafu, wakahama kwenda kuishi kwa binti yao, Zuhura, aliyeolewa Nkome. Alipokuja kuniaga alinipa mkono akaurudisha haraka, hakunibana. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Mimi nami nilihama. Nilifuata wachimbaji, nikafungua banda Buseresere, supu kwato tupu kweli kweli. Kwa miaka kadhaa kila sufuria ikiganda asubuhi niliiona inatetemeka kama inanicheka. Mwisho nikafunga kwato nne kwenye gunia, nikapanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu, nikaenda Nkome.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda pembeni ya vichanja vya kuanikia dagaa, anafukuza kunguru kwa fimbo. Kofia ni ileile. Penseli haikuwepo sikioni.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Harufu hiyo naijua." Akaangalia gunia. "Umeniletea ng'ombe mimi, kwenye nchi ya samaki?"

Mama Zuhura alileta uji. Tukaulizana hali za wote, mpaka wale tusiowapenda. Halafu nikaweka kikombe chini. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja bila kuvuta pumzi: ngozi, limau, tangawizi, Mungu shahidi. Nilipomaliza nilikuwa nimeangalia chini, naona miguu yake tu. Mama Zuhura alisema, "Heee!" akaketi chini na sufuria yake.

Bwana Mifugo aliigeuza ile fimbo ya kunguru mikononi. Nilingoja fimbo.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Ngozi. Kiasi gani?"

"Mwanzo robo ya sufuria. Mwezi wa pili... theluthi. Kisha nusu, maana walikuwa wanaipenda."

"Mama Zuhura, lile daftari."

Mama Zuhura alilitoa ndani, limefungwa kwenye kipande cha kanga. Mzee alilifungua magotini, kidole kikashuka safu ya ng'ombe. Mwezi wa kwanza, kashuka kidogo. Wa pili, zaidi kidogo. Wa tatu, hapo katikati kabisa, nusu ya njia kati ya samaki na ng'ombe wa kweli. Alikitoa kidole, akakirudisha, akanitazama.

"Robo, theluthi, nusu," akasema taratibu. "Robo, theluthi, nusu! Mama Zuhura, mkono wangu ulikuwa mzima! Bakuli lilimkamata mwizi na mimi nikaligombeza bakuli!"

Akacheka. Alicheka mpaka kunguru wakashuka kwenye dagaa, na hakuna aliyewafukuza. Alinivuta mkono akaibana ngozi, mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, akaiangalia inavyojivuta kurudi kwa uvivu.

"Umezeeka vibaya. Dhamiri inakula kamba."

"Unisamehe, Bwana Mifugo."

"Nitakusamehe. Kwanza niandike." Akapapasa sikio, hakuna kitu. Mama Zuhura akamletea kipande cha penseli cha wajukuu, na bila kuambiwa akaanza kumwaga mboga kutoka kwenye mabakuli ya bati. Mzee akafungua ukurasa mpya, ulimi nje, mwandiko ule ule wa kulala, akaorodhesha wenye uti wa mgongo aliowapima maishani mwake, kuanzia anayeyeyuka upesi hadi anayechelewa. Kisha akanigeuzia daftari nisome. Nilisoma kwa sauti, kwa darasa langu la sita:

Samaki. Chura. Muuza supu. Ng'ombe. Kuku.

"Sasa washa moto," akasema, akilivuta lile gunia la kwato. "Na safari hii nakuangalia."